Mazoezi ya Mwili na Kazi ya Tumbo

Wapo watu wengi, wasomi na wasio wasomi, wanaoamini kwamba mtu akishakula hana budi kutulia mpaka chakula kishuke. Mtoto akiinuka mkekani na kukimbilia uwanjani huitwa arudi akae. Mgeni akimaliza kula hukaribishwa ajinyooshe. Kwa upande mwingine wapo, na mijini si wachache, wanaoamini kinyume chake: kwamba aliyeshiba kupita kiasi anaweza kukimbia akayeyusha alichokula, na kwamba jasho ndilo linalosafisha tumbo. Imani hizi mbili hupingana, lakini asili yake ni moja, nayo ni kutoelewa tumbo hufanya nini wakati misuli ya mikono na miguu inapokuwa kazini. Napenda kuonyesha katika makala haya kwamba kila upande umeshika kipande cha ukweli, na kwamba kipande kilichoachwa katikati ndicho chenye manufaa makubwa zaidi kwa afya ya wananchi. Nitasema pia kwamba shule zetu, viwanda vyetu, ofisi na zahanati zimepanga siku zao kana kwamba jambo hili halijulikani, hali limejulikana kwa karibu miaka 200.

Mtu aliyekuwa na dirisha tumboni

Mwezi wa Juni mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac kaskazini mwa Marekani, bunduki ya marisau ilifyatuka kwa bahati mbaya na kumjeruhi vibaya kijana mmoja Mkanada mwenye asili ya Kifaransa, jina lake Alexis St. Martin, aliyekuwa kibarua katika biashara ya ngozi za wanyama. Daktari wa jeshi aliyekuwa karibu, William Beaumont, alimtibu bila ya kutumaini kwamba angeishi. Kijana akaishi, lakini jeraha lake lilipona kwa namna ya ajabu, kwani liliacha tundu lililopenya kutoka ubavuni moja kwa moja hadi ndani ya mfuko wa chakula. Kwa tundu hilo Beaumont aliweza kutia kipande cha nyama au cha mkate kilichofungwa kwenye uzi wa hariri, akakivuta baada ya saa moja au mbili na kuona kimefikia wapi. Alifanya majaribio zaidi ya 200, na mwaka 1833 akatoa kitabu ambacho hadi leo huhesabiwa miongoni mwa vitabu vya msingi katika elimu ya mmeng'enyo wa chakula.

Mengi katika kitabu hicho yanahusu majimaji ya tumbo na asidi yake. Lakini kwa kuwa St. Martin alikuwa pia mtumishi wa nyumba ya daktari, akipasua kuni na kubeba mizigo, Beaumont alipata nafasi ya kuangalia jambo ambalo maabara nyingi zisingeweza kuliangalia: tumbo la mtu afanyaye kazi. Akahitimisha kwamba mazoezi ya kadiri husaidia mmeng'enyo wa chakula, na kwamba kazi nzito ya kuchosha huuchelewesha. Utafiti uliofuata umesahihisha na kuongeza mengi, lakini haujaigeuza sentensi hiyo.

Hainipendezi kuitaja kazi ya Beaumont bila ya kutaja gharama yake. St. Martin hakuwa mshirika aliye huru; alikuwa maskini aliyefungwa na mkataba, na mara kwa mara alitoroka akarudi kwao Kanada. Alikufa mwaka 1880, miaka 27 baada ya daktari wake, na jamaa zake wakauweka mwili nyumbani hadi ukaharibika kabisa, kisha wakauzika katika kaburi refu, ili madaktari wasiupate tena. Elimu tunayoitumia ilitoka katika mwili wa kibarua, nasi tukiinukuu tuseme hivyo.

Maji ya mfereji mmoja

Ili kuelewa kwa nini mazoezi mepesi yasaidie na mazito yazuie, yatupasa kufuata safari ya damu. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika. Katika hizo, moja ya tano hadi moja ya nne hupelekwa kwenye tumbo, utumbo, kongosho, wengu na ini. Mtu akila, fungu hilo huongezeka sana, kwani kuta za utumbo zinahitaji damu ya kutengeneza vimeng'enya, ya kuendesha misuli yake yenyewe, na ya kuchukua chakula kilichokwisha kuyeyushwa. Tumbo si gunia linalongoja kitu kioze ndani yake. Ni kiungo chenye misuli, kinachojikunja na kujikunjua kama mara 3 kila dakika, kikisaga na kukoroga, na kuusukuma uji wa chakula kidogo kidogo kupitia mlango wake wa chini. Mlo wa kawaida wenye chakula kigumu huchukua saa 2 hadi 4 kabla ya kwisha tumboni. Vinywaji hupita upesi zaidi, na vyakula vya mafuta mengi hukawia.

Wanaowajua Wachagga wa Kilimanjaro wanajua habari ya mifongo, ile mifereji inayoteremsha maji ya mlimani na kuyagawa katika vihamba. Damu mwilini hugawanywa vivyo hivyo. Misuli ya miguu ikianza kazi, nayo hudai maji. Mfumo wa mishipa ya fahamu hubana njia ziendazo kwenye utumbo na kuzifungua ziendazo kwenye misuli. Lakini kuna tofauti moja, ambayo watu wanaokataza mwendo wowote baada ya chakula huisahau: katika mwili, chemchemi yenyewe huongezeka. Moyo wa mtu anayetembea husukuma damu nyingi kuliko wa mtu aliyeketi, hivyo misuli hupata ziada yake na tumbo likabaki na karibu fungu lake lote. Mgogoro huanza pale misuli inapodai kupita kiasi. Katika mbio za nguvu moyo husukuma lita 20 au zaidi kwa dakika, na juu ya asilimia 80 ya damu hiyo huenda kwenye misuli. Mwaka 1964 Loring Rowell na wenzake walipima damu ipitayo katika ini la vijana waliokuwa wakitembea na kukimbia, kwa kutumia rangi inayodungwa mshipani na kuondolewa na ini, nao wakaona kwamba katika kazi ya kufikia mwisho wa nguvu, damu hiyo inaweza kupungua kwa kiasi cha asilimia 80. Ongeza jua la saa nane mchana, ambapo ngozi nayo hudai damu ili kupoza mwili, ongeza tena upungufu wa maji kwa ajili ya jasho, na utumbo hubaki kama kihamba cha mwisho cha bondeni wakati wa kiangazi.

Ni wapi basi ulipo mpaka baina ya kadiri na kupita kadiri? David Costill, Mmarekani, na Bengt Saltin, Mswidi, walilichunguza swali hili mwaka 1974. Waliwanywesha watu vinywaji vyenye sukari, wakawapandisha baiskeli za maabara, kisha wakapima kiasi kilichobaki tumboni. Mpaka mtu afikie takriban asilimia 60 hadi 70 ya uwezo wake mkubwa wa kutumia oksijeni, tumbo liliendelea kutoa kilichomo kana kwamba hakuna kilichotokea. Kupita hapo likaanza kuchelewa. Waligundua pia kwamba sukari ikizidi katika kinywaji, tumbo hukishikilia kinywaji hicho hata kama mtu ametulia. Jambo ambalo wafanyabiashara wa vinywaji vitamu vya wanamichezo wangependa lisisemwe kwa sauti. Kwa lugha ya nyumbani, asilimia 60 ni kazi ambayo mtu huhema lakini bado anaweza kuzungumza na mwenzake. Akishindwa kumaliza sentensi bila ya kukata pumzi, ameshauvuka mpaka, na tumbo lake limeshaanza kunyang'anywa.

Makande na mpira

Hebu tuitazame sasa siku ya mwanafunzi. Katika shule nyingi za Tanzania siku huanza kwa mchakamchaka, kisha usafi, kisha masomo. Mchakamchaka, kwa macho ya elimu ya mmeng'enyo, umewekwa mahali pake hasa: tumbo ni tupu, jua halijawa kali, na wanaoimba huku wakikimbia hawawezi kukimbia kwa nguvu za kupita kiasi, maana wimbo wenyewe ni kipimo cha pumzi. Sijui ni nani aliyeuanzisha utaratibu huo, lakini angestahili kupewa shahada.

Mchana hali hugeuka. Wanafunzi hupewa makande, chakula bora cha mahindi na maharage, chenye protini na makapi mengi, lakini ambacho huchukua muda mrefu tumboni na kuzaa hewa utumbo mpana. Kisha, kwa sababu uwanja ni mmoja na madarasa ni mengi, kipindi cha michezo cha baadhi yao huangukia mara tu baada ya sahani kuoshwa. Mtoto anayekimbia mpira na makande tumboni, katika jua, hupata kichomi cha ubavu, kichefuchefu au kutapika. Mwalimu humwona kuwa mvivu. Yeye si mvivu. Mwili wake umepewa amri mbili kwa wakati mmoja, na umeitii ile ya kiranja mwenye filimbi. Saa 2 za nafasi baina ya mlo mzito na mchezo mzito zingetosha kuondoa taabu hiyo kwa watoto walio wengi, na kubadili ratiba hakuhitaji fedha za kigeni.

Kwa wanamichezo wakubwa madhara yanaweza kuwa makubwa zaidi ya kichomi. Kati ya asilimia 30 na 50 ya wakimbiaji wa masafa marefu husumbuliwa na tumbo wakati wa mazoezi au mashindano: kiungulia, maumivu, haja ya ghafla, kuhara, na mara nyingine damu katika choo. Ukuta wa utumbo uliokosa damu hulegea, na vitu ambavyo vingepaswa kubaki ndani hupenya. Mtu aliyezoezwa vema huumia kidogo zaidi, kwa kuwa mwendo ambao kwa mgeni ni wa kufa na kupona kwake ni wa kadiri. Ndiyo maana mkimbiaji anayeandaliwa taratibu kwa miezi hulinda tumbo lake pamoja na miguu yake. Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo napenda walimu wa riadha walisikie bila ya kulainishwa. Wakimbiaji wengi humeza vidonge vya ibuprofeni kabla ya mbio ili wasisikie maumivu ya magoti. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba dawa hiyo ikitumiwa kabla ya mazoezi huzidisha jeraha la utumbo mwembamba kuliko mazoezi peke yake. Anayempa kijana kidonge hicho kabla ya mbio humwondolea maumivu ya mahali anapopaona na kumwongezea jeraha mahali asipopaona.

Ama kuhusu kuogelea baada ya kula, ambako wazazi wa pwani na wa bara huwakataza watoto kwa ukali, sitasema mengi. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba mlo wenyewe huwazamisha watu. Watoto huzama kwa kutojua kuogelea na kwa kukosa mtu wa kuwaangalia, na ukali huo ungefaa kuelekezwa huko.

Kujinyoosha, kiungulia na sukari

Nirudi kwa yule mgeni aliyekaribishwa ajinyooshe. Kulala chali mara baada ya kushiba ni kuuondolea mwili msaada wa mvutano wa ardhi. Mlango wa juu wa tumbo, pale linapokutana na umio, haukuumbwa kuzuia mfuko uliojaa huku umelazwa. Asidi hupanda, na kifua kikaungua. Waganga wengi hushauri wenye kiungulia wangoje saa 2 hadi 3 baada ya chakula kabla ya kulala. Kuinama nako huleta taabu ileile, hivyo mkulima aliyemaliza ugali wake na kushika jembe papo hapo hulikamua tumbo lake kama anayekamua tui. Ajipe kwanza muda wa kwenda kuitazama mipaka ya shamba.

Lakini jambo kubwa zaidi la wakati huu si kiungulia, bali ni kisukari. Mwaka 1989 lilichapishwa jarida la kitabibu lenye matokeo ya uchunguzi uliofanywa na Donald McLarty na wenzake katika vijiji sita vya Tanzania. Walipima watu wazima zaidi ya 6,000, na wenye kisukari hawakufikia mtu 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulipata takriban watu 9 katika kila 100. Umri wa waliopimwa na njia za upimaji havikuwa sawa, na wa kwanza ulikuwa wa vijijini pekee, kwa hiyo si halali kuyagawa matokeo haya na kusema kwamba ugonjwa umezidi mara tisa. Lakini hata ukizipunguza tarakimu kwa ukali wote wa mtaalamu wa takwimu, tofauti inayobaki ni ya kutisha.

Hapa ndipo mwendo mdogo baada ya chakula unapopata thamani isiyolingana na udogo wake. Wanga wa ugali, wali au ndizi ukishayeyushwa huingia katika damu kama glukosi, na kwa kawaida misuli huipokea glukosi hiyo kwa ruhusa ya insulini. Misuli inayojikunja, hata hivyo, hufungua milango yake yenyewe bila ya kungoja ruhusa hiyo. Kwa mtu ambaye insulini yake imedhoofika huo ni mlango wa nyuma wa thamani kubwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walitoa matokeo ya majaribio kwa wagonjwa 41 wa kisukari cha aina ya pili. Kwa wiki mbili wagonjwa walitembea dakika 30 kwa siku kwa wakati wowote waliotaka. Kwa wiki mbili nyingine walitembea dakika 10 baada ya kila mlo mkuu. Jumla ya dakika ilikuwa ni ileile. Lakini waliotembea baada ya mlo, sukari yao ya baada ya chakula ilikuwa chini kwa asilimia 12, na baada ya mlo wa jioni kwa asilimia 22.

Ulinganishe ushahidi huo na desturi ya mijini kwetu. Mlo mkubwa wa wanga huliwa usiku, saa 2 au saa 3, kisha baba hukaa kitini mbele ya televisheni, na baada ya muda mfupi hulala. Mama huinuka, huondoa vyombo, huosha, huenda na kurudi baina ya sebule na jiko. Hata kazi nyepesi ya kusimama na kutembea hivyo husaidia kushusha sukari. Kwa hesabu ya kitabibu tu, bila ya kuingia katika siasa ya nyumba, inafaa vyombo vya jioni vioshwe na baba.

Waganga wa zahanati humwambia mgonjwa, "Ufanye mazoezi." Sioni faida ya ushauri huo. Hakuna mganga amwambiaye mgonjwa, "Umeze dawa," bila ya kutaja ni ipi, kiasi gani na lini. Mwendo nao uandikwe katika cheti: dakika 10, mara tatu kwa siku, ndani ya nusu saa baada ya chakula, kwa hatua za mtu aendaye dukani na si za mtu anayekimbizwa. Mgonjwa mwenye viatu vya ndara anaweza kuutimiza uani kwake. Na anayetumia sindano za insulini aambiwe namna ya kujihadhari na sukari kushuka mno.

Makapi au miguu?

Liko swali la kale la Afrika Mashariki ambalo halijamalizwa. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi na ambaye jina lake lilipewa saratani ya taya aliyoieleza mwaka 1958, alivutiwa baadaye na choo cha binadamu. Mwaka 1972 yeye, Alec Walker na Neil Painter walichapisha vipimo vilivyolinganisha watu wa vijijini Uganda na Waingereza. Chakula cha mwanakijiji kilipita mwilini kwa muda usiofika siku mbili. Cha Mwingereza kilichukua zaidi ya siku tatu, na uzito wa kinyesi chake ulikuwa ni sehemu ndogo tu ya ule wa mwanakijiji. Burkitt aliona sababu kuwa ni makapi yaliyomo katika vyakula visivyokobolewa, na dunia nzima ikaanza kula pumba.

Sina nia ya kuivunja hoja ya Burkitt, kwani katika sehemu yake kubwa imethibitika. Lakini mwanakijiji yule hakula tu. Alilima, alichota maji, alitembea kwenda sokoni na kurudi na mzigo. Mwingereza aliyelinganishwa naye alitofautiana naye kwa sahani na kwa miguu pia. Majaribio ya baadaye juu ya athari ya mazoezi katika utumbo mpana hayakubaliani yote: baadhi yameonyesha chakula kikipita upesi zaidi, mengine hayakuona tofauti. Kwa maoni yangu mazoezi ni msaidizi na makapi ndiyo fundi mkuu, kwa hiyo mtu aliyefunga choo asitumaini kukimbia bila ya kula mchicha na dona na bila ya kunywa maji. Kuhusu saratani ya utumbo mpana, hata hivyo, ushahidi ni imara: watu wenye mazoea ya kuutumia mwili hupatwa nayo kwa uchache kuliko wakaao tu, na upungufu huo hukadiriwa kuwa takriban moja ya tano. Hata vijidudu vyema vinavyoishi utumboni hubadilika. Watafiti wa Illinois waliwafanyisha mazoezi watu waliozoea kukaa, kwa wiki sita, bila ya kubadili chakula chao. Vijidudu vinavyotengeneza asidi zenye kuulisha ukuta wa utumbo viliongezeka, hasa kwa wasio wanene. Walipoacha mazoezi kwa wiki sita nyingine, vikarudi vilivyokuwa.

Neno moja juu ya vidonda vya tumbo, kwa sababu nimewasikia watu wakishauriana barazani kuvitibu kwa mbio za asubuhi. Tangu Robin Warren na Barry Marshall walipomgundua kidudu cha Helikobakta mwaka 1982, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005, inajulikana kwamba vidonda vingi husababishwa na kidudu hicho, na vingine na dawa za maumivu. Kidudu hakikimbizwi. Huuawa kwa dawa za hospitali, zikamezwa mpaka ziishe.

Yaliyobaki kupimwa

Karibu tarakimu zote nilizozitaja zimetoka kwa vijana wa Ulaya na Marekani juu ya baiskeli za maabara, au kwa wagonjwa wa nchi za baridi. Mwanamke wa Shinyanga anayepalilia kwa saa tano, aliyekula kiporo asubuhi na atakayekula tena jioni, tumbo lake hufanya kazi gani? Mchukuzi wa bandarini anayebeba gunia dakika chache baada ya sahani ya mama ntilie anapoteza nini? Hatuwezi kuyajibu maswali hayo kwa kusoma majarida ya wengine, na si halali kuwaandalia watu hawa ushauri uliokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Wala kupima si jambo la gharama isiyovumilika. Mwendo wa chakula katika utumbo unaweza kupimwa kwa njia ileile iliyotumiwa na Burkitt: mtu humeza vipande vidogo visivyodhuru vinavyoonekana kwa eksirei, kisha kinyesi hukusanywa na kupigwa picha mpaka vitoke vyote. Sukari ya baada ya chakula hupimwa kwa tone la damu la kidoleni. Hatua hupimwa kwa saa ndogo ya mkononi. Hospitali ya wilaya yenye mashine ya eksirei, muuguzi mwangalifu na kijiji kilichoelezwa vema makusudi ya kazi, na kilichokubali kwa hiari, inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa msimu mmoja wa kilimo na mmoja wa mapumziko, ili watu walewale walinganishwe na nafsi zao wakiwa na jembe na wakiwa bila jembe, kwa chakula kilekile.

Matokeo yakipatikana, njia ya kuyafikisha kwa wananchi tumewahi kuwa nayo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Maradhi ya wakati ule yaliingia kwa maji machafu na mbu, na ya wakati huu mengi yake huingia kwa sahani iliyojaa na kiti kisichoachwa. Kikundi cha leo kingeweza kusikiliza kipindi chake jioni baada ya chakula, wanakikundi wakiwa njiani wanatembea, redio ndogo ikiwa mkononi mwa mmoja wao.